Siku ripoti ya udongo ilipobandikwa ukutani

Kolwezi, Jumanne tarehe 11 Novemba

Mama Mado,

Leo mvua imepiga saa sita mchana, mvua ya kelele, halafu ikaacha ghafla kama mtu aliyekumbuka kazi nyingine. Jua likatoka. Barabara yote ya kwenda Musonoi ni matope mekundu. Viatu vyangu viko mlangoni vinakauka, na mimi nimekaa mezani pekupeku, nacheka peke yangu.

Wameibandika.

Ripoti ya udongo. Yote, ukurasa kwa ukurasa, kwenye ukuta wa ofisi ya commune, serikali yetu ya mtaa, chini ya kipande cha bati ili mvua isiifikie. Watu walikuwa wanasukumana kuisoma. Mzee mmoja ambaye hanijui aliniambia nisogee, nimesimama sana, na wengine nao wana macho. Nikasogea. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kufukuzwa mahali.

Wanaosoma ukurasa wangu huu mtandaoni wanajua kwamba ninakuandikia wewe, mke wangu Ngalula, tangu ulipotuacha mwaka jana. Wanajua meza yangu ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, pale mbele ya commune. Wanajua kwamba ulikuwa ukionja chumvi kwenye kiganja kabla ya kuitia chunguni, na kwamba ulikuwa ukiimba ubeti wa tatu wa wimbo wakati kanisa zima liko kwenye wa pili. Lakini kuna jambo moja sikuwahi kuliandika hapa. Nililiogopa. Leo limesemwa mbele ya watu wote, kwa hiyo naweza kuliandika pia.

Nitaanza na kosa letu.

Nyuma ya mtaa wetu wa Musonoi kuna uwanja ambao watu wanauita Kwa Mawe. Zamani walikuwa wanarundika mawe ya madini pale na kuyaosha. Wenyewe walishaondoka, mawe nayo yakaondoka, ukabaki uwanja mtupu ambao majani yake hayashiki vizuri. Serikali ikasema itauamsha: viwanja vya nyumba, soko dogo, shule ya msingi na kisima cha pampu. Kabla ya kugawa, ikawalipa wataalamu wapime udongo.

Walikuja Jumamosi moja ya mwaka juzi, unakumbuka. Wakachimba mashimo kumi na mawili ya kina cha goti, wakapigilia vigingi vyenye namba, mvua ikawakatiza. Wakayafunika kwa plastiki, wakasema watarudi Jumatatu kuchukua udongo wa chini na kuutia kwenye mifuko.

Hakuna aliyetueleza wanapima nini.

Sasa, hapa kwetu, mtu akija na koleo, vigingi na vifuko vidogo vyenye namba, anatafuta nini? Mtoto wa miaka mitano atakujibu. Anatafuta madini. Na akiyapata, wenye nyumba wanafungasha. Hatukuhitaji kuambiwa. Tulishaona majirani wakipakia vitanda na milango yao kwenye lori.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, mtaa wetu ukafanya kile ambacho ni watu wa Kolwezi tu wangeweza kukifanya. Tukawaficha wataalamu udongo wetu. Nyuma ya parokia kulikuwa na rundo la mchanga mweupe, uliletwa na lori kutoka upande wa Kasaji kwa ajili ya kujenga sakristia. Mchanga maskini kabisa, hauna hata chembe ya kitu. Tukauchota kwa mabeseni, tukaumimina kwenye mashimo yaliyo karibu na nyumba zetu, tukaukanyaga, tukarudishia plastiki juu. Wakija wakute mchanga wa bure, wachoke, waende zao.

Wewe ulikuwa umevaa kitenge cha chama cha akina mama. Ulivua viatu vyako vya misa, ukaniambia nivishike. Nilipoanza kuchota kwa aibu, kidogo kidogo, ulinikemea: "Baba Mado, chota vizuri! Kama tunamwibia Mungu, tusimwibie nusu." Halafu ukaingia shimoni na kuucheza ule mchanga ili ushikane. Ulicheza kweli. Mikono juu, kiuno, yote. Ndiyo picha yako ninayoipenda kuliko ile iliyo ukutani.

Tulijaza mashimo matatu, mvua ikarudi.

Jumatatu wakaja vijana wawili wenye haraka. Wakachota walichokikuta, wakaandika, wakaondoka. Miezi ikapita na hakuna aliyekuja kutuhamisha. Tulimshukuru Mungu. Tuliamini tumeuokoa mtaa.

Uliondoka ukiamini hivyo.

Mwezi wa nne mwaka huu Mado alikuja nyumbani na furaha yake. Unamjua mwanao, hawezi hata kuvua viatu kabla ya kutoa habari. Shule mpya itajengwa Kwa Mawe, yeye atafundisha darasa la kwanza, na mjukuu wetu Kapinga ataanza pale pale, kwenye darasa la mama yake. Na kisima kitachimbwa uani. "Wamechagua upande wetu, Papa, karibu na nyumba. Utafiti ulikuta udongo wa hapo ni safi kuliko wote."

Nikamuuliza utafiti wa nini.

"Wa sumu, Papa. Walipima sumu ya yale mawe ya zamani. We ulifikiri wanapima nini?"

Nilikuwa na tonge la bukari, ugali wetu, mkononi, nikalirudisha sahanini. Kilichokutwa safi kuliko vyote kilikuwa mchanga wa padri.

Nikaona darasa la Mado juu ya mchanga wetu. Nikaona Kapinga anainama kwenye bomba, anakunywa.

Hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu ukurasa huu sikuufungua ili kujisifu. Nilinyamaza siku tatu. Si kwa sababu sikujua la kufanya. Nilinyamaza kwa ajili ya jina lako. Ulizikwa kama mwenyekiti wa akina mama, watu waliimba mpaka makaburini, na mimi ndiye niende kusema kwamba mama huyo alidanganya kipimo cha serikali? Nilijiambia labda nakumbuka vibaya. Labda mashimo yetu hayakuwa yale. Usiku wa tatu nilimsikia Kapinga anakohoa chumba cha pili, kikohozi cha kawaida tu, cha vumbi, na asubuhi yake nikaenda commune.

Pale ofisi ya karatasi yuko mama mmoja, Mama Judith. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye ameamini miaka mingi kwamba karatasi ikitoka kabatini, itapotea, na ikipotea, ataulizwa yeye.

Nikamwomba kusoma ripoti ya Kwa Mawe.

"Tata, rapport haiko ya kusoma," akaniambia, tata kwa maana ya baba. "Iko ya kuweka."

"Lakini ni udongo wa kwetu, mama."

"Udongo iko ya kwenu. Karatasi iko ya leta." Leta, ndivyo tunavyoiita serikali hapa.

Nikamwambia baadhi ya mashimo yalipimwa vibaya. Akauliza mashimo gani. Nikasema yale ya upande wa mtaa. Akauliza namba. Namba sikuwa nazo. Nani anakumbuka namba za vigingi vya mwaka juzi? Akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma iliniuma kuliko kama angenitukana. "Rudia ku nyumba, tata, ukunywe maji. Kifo ya bibi inasumbuaka mutu kichwa."

Bila ripoti sikuweza kusema ni mashimo gani. Bila kusema ni mashimo gani, hakuna aliyenisikiliza. Na ripoti ilikuwa ya kuweka.

Mimi niliishia mwaka wa nne wa sekondari, lakini barua ninaziweza. Nimewaandikia watu barua kwa miaka mingi: za kuomba kazi, za kuomba msamaha, za kuwaomba wakwe wapunguze hasira. Safari hii nikajiandikia mwenyewe. Mado akanisaidia kwa sheria. Katiba inasema mtu ana haki ya kupata habari, na sheria ya mazingira inasema hivyo hivyo kuhusu ardhi na maji tunayoishi navyo. Nikachapa vizuri, nikaacha nafasi ya muhuri.

Kwa wasioishi huku: barua ya ofisini huipeleki moja. Unapeleka mbili, na ile ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa, unarudi nayo. Barua isiyo na muhuri ni barua ambayo haijazaliwa. Na Mama Judith alikuwa hapigi.

"Mwenye kupiga cachet ametoka." "Wino imeisha." "Rudia kesho." Nilikuwa narudi kesho. Meza yangu iko hatua thelathini kutoka mlangoni pake, ningeenda wapi? Kila asubuhi namsalimu, naweka barua, namngojea, naondoka nayo. Siku moja alicheka mwenyewe: "We tata, hata kwa Petro utafika uko unaomba cachet!" Nikamwambia ndiyo, na nitaleta nakala mbili.

Halafu Mungu akaiharibu mashine yao.

Fotokopi ya commune ikakwama, mafundi wa ujenzi wa shule walikuwa wanangoja nakala, na siku hiyo hakukuwa na mashine nyingine yenye jenereta karibu isipokuwa yangu. Mama Judith akaja mwenyewe, ameshika faili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nakala mbili, akasema, na anasimama hapa hapa.

Mama Mado, ripoti ilikuwa mikononi mwangu. Ilikuwa na joto la mashine. Ningebonyeza mara moja zaidi kila ukurasa, na yeye alikuwa amegeuka kununua karanga.

Sikubonyeza. Wengine wameniita mjinga kwa hilo, na Mado alikuwa wa kwanza. Lakini karatasi ya kuiba unaisomea chumbani. Huwezi kuibandika ukutani. Ukiulizwa umeitoa wapi, unakuwa wewe ndiye mwenye kesi, na udongo unasahauliwa. Nilitaka nipewe, mchana, mbele ya watu.

Lakini ukurasa mmoja niliusoma. Sitadanganya. Ulikuwa na ramani ya uwanja, mashimo yote na namba zao, na pembeni maelezo mafupi. Shimo la nne, la tano na la sita: mchanga mweupe, hauna kitu. Kwenye uwanja mzima wa udongo mwekundu na mweusi, mashimo matatu ya mchanga mweupe, yamekaa pamoja kama wageni kwenye harusi. Mtu yeyote wa Musonoi angeuona uwongo huo kabla hajamaliza kusoma mstari. Walioisoma ripoti hawakuwa watu wa Musonoi.

Usiku huo huo nikaandika barua mpya. Asubuhi Mama Judith akaisoma mara mbili, akashusha miwani.

"Tata. Hizi namba umezijulia wapi?"

"Ukurasa mmoja niliuona kwenye mashine yangu, mama, unisamehe. Lakini ule mchanga niliujua kabla. Niliubeba mimi."

Nje kulikuwa na pikipiki zinapiga honi, na yeye anaiangalia ile barua. Halafu akafungua droo, akatoa wino ambao ulikuwa umeisha, na akapiga. Pa! Akapiga na nakala ya pili. "Na mi niko wa Musonoi," akasema bila kuniangalia. "Batoto bangu bataingia ile masomo."

Masomo, huku kwetu, ndiyo shule. Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimeshika nakala yenye muhuri kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa kwanza.

Barua hiyo ikatuletea injinia wa udongo kutoka Lubumbashi, kiangazi, wakati wa baridi na vumbi. Binti mdogo, umri kama wa Mado, mwenye buti kubwa. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Akaniambia tu nimwonyeshe. Nikamwonyesha shimo la tano, ulilolicheza wewe. Akalichimba upande mmoja mpaka chini. Juu mchanga wetu, mweupe bado, umeshikana vizuri. Chini yake udongo mweusi wenye mistari ya kijani, ule ukijani wa mawe ya shaba ambao hapa kila mtu anaujua.

Akakaa chini pale pale, na suruali yake safi.

"Papa, huu mchanga umetoka wapi?"

"Kasaji."

"Umefikaje hapa?"

"Kwa lori mpaka kanisani. Kutoka kanisani, kwa beseni."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilisimama tu, sikujua kama naruhusiwa kucheka. Halafu akasema, "Mungetuuliza tu, Papa."

"Na nyinyi mungetuambia tu, binti yangu."

Aliandika kitu kwenye daftari lake, akakipigia mstari. Baadaye nilijua alichoandika, kwa sababu kimo kwenye ukurasa wa mwisho wa ile ripoti iliyo ukutani: kwamba kipimo hiki kingesahihishwa siku ile ile kama wenyeji wangekisoma, na kwamba anaomba kiwekwe wazi kwa wote, pamoja na masahihisho yake.

Walipima upya. Tulingoja. Ujenzi ulisimama, na kuna watu mtaani waliacha kunisalimia kwa sababu walikuwa wamengoja viwanja vyao kwa muda mrefu. Sikuwalaumu. Hata mimi na wewe jina letu lilikuwa kwenye orodha.

Sasa leo.

Mkutano ulikuwa saa tatu, mbele ya commune. Mkuu wa ofisi ya mazingira akasoma majibu. Udongo ulio chini ya mashimo yetu matatu ndio mbaya kuliko wa mengine yote. Hakuna shule pale, hakuna kisima pale. Shule inapanda juu, karibu na barabara, ambapo vipimo vimerudiwa na vimekuja vizuri. Sehemu ya chini itazungushiwa uzio, udongo wake utaondolewa, na hakuna atakayejenga mpaka ipimwe tena na karatasi ibandikwe. Akasema pia kwamba tangu sasa, hapa commune, ardhi yoyote inayopimwa kwa fedha ya serikali, majibu yatakaa ukutani kabla ya kigingi cha kwanza cha kiwanja kupigiliwa.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nangoja kitakachofuata.

Akauliza: mchanga uliingiaje?

Injinia alikuwa ananijua, lakini alitazama chini, hakunitaja. Angeweza kuniokoa kwa kunyamaza. Nikasimama. Nilikuwa nimeamua usiku kwamba nitasema "mimi" tu, na wewe nitakuacha ulale.

"Ni mimi niliyeuweka," nikasema.

Sauti ya mwanaume ikatoka nyuma: "Walikupa nini? Uliuza batoto betu!"

Na watu wakaanza kunung'unika, ule mnung'uniko unaoujua, unaoanza kama nyuki.

Basi Tata Ilunga, jirani yetu, yule ambaye ulikuwa ukisema mdomo wake unaamka kabla ya jogoo, akapanda juu ya benchi.

"Nyamaza we kule nyuma! Bassin ya kwanza ilikuwa yangu! Huyu tata anawadanganya. Mwenye kubeba ni mama Ngalula. Yeye alikuwa anashika tu biatu ya bibi yake!"

Mama Mado, watu walicheka mpaka mkuu wa ofisi akacheka. Na kabla hawajamaliza, mama mmoja wa chama chako akanyoosha mkono. "Na mi nilibeba." Mwingine. "Na mi." Mwingine, mwenye mtoto mgongoni: "Mi mabeseni mbili, muandike mbili!" Mikono ikapanda kama darasani, ikapita ishirini, nikaacha kuhesabu. Wote walikuwa wamekaa na lile jambo vifuani mwao, kila mmoja peke yake, kama mimi.

Padri alikuwa amekaa mbele. Alivua miwani pole pole. "Kumbe mchanga wangu," akasema.

Hapo fundi wa sakristia akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Padri! Umesikia? Tangu mwaka juzi unaniita mwizi!"

"Fundi, nisamehe."

"Kwa sauti, padri!"

"Nisamehe, fundi!"

Kicheko kile nitazeeka nacho. Jina lako lilitajwa katikati yake, na halikuanguka chini. Nilikuwa nimelificha nikidhani ni yai. Kumbe lilikuwa ngoma, lilihitaji kupigwa.

Baadaye Mado alisimama ukutani, akawasomea akina mama ripoti kwa Kiswahili, kwa sababu imeandikwa kwa Kifaransa cha ofisi. Alisoma kama anavyosoma darasani, kidole kikifuata mstari. Walimuuliza maswali mengi. Mboga za pembeni ya uwanja je? Mbuzi je? Mengine ripoti inajibu, mengine haijibu, na yale yasiyojibiwa Mama Judith aliyaandika kwenye karatasi nyingine, huku anagombana na mkanda wa gundi uliokuwa haushiki kwenye unyevu.

Nimewaza juu ya hizo mboga. Tulilima pembeni pale misimu mingapi, mimi na wewe? Sijui kama zilikudhuru. Hakuna karatasi itakayoniambia hilo, na sitajifanya ninajua. Hilo limebaki ndani ya furaha yangu kama kijiwe ndani ya maharage. Natafuna pole pole.

Lakini ni furaha. Nataka wanaosoma hapa walijue hilo. Nimezoea kuwaandikia huzuni, na wengi mmekuwa wema kuisoma. Leo ninawaandikia ushindi. Kapinga atakunywa maji ambayo mama yake ameyasoma kwanza.

Saa kumi, nilipokuwa nafunika mashine, akaja mtu mmoja mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Ametoka Tenke kwa pikipiki, amesikia habari. Kwao pia kuna uwanja uliopimwa, na ripoti iko kabatini, na nyumba zimeanza kupanda. Akauliza kama mimi ndiye mzee wa mchanga. Nikasema ndiye. Nikaifunua mashine tena.

Tuliandika barua yake pamoja. Nikamwambia apeleke mbili, na asitoke bila muhuri. Nikamwambia pia jambo ambalo sikumwandikia kwenye barua: kama kuna kitu walikifanya pale kwa woga, wakiseme mapema, wakiseme wote pamoja, na wakiseme kabla wenye kukifanya hawajaanza kufa. Akaitikia kwa kichwa, akaikunja barua na kuiweka ndani ya shati, upande wa moyo.

Mado ananiita nile. Kapinga amelala kwenye kiti na kalamu mkononi, alikuwa anajifunza kuandika jina lake, amefika herufi ya nne.

Nimechoka, Mama Mado, uchovu mzuri. Sijui kama huko uliko wanasikia makofi ya watu wa Musonoi. Kama hawasikii, waambie wewe. Na ukimaliza kuwaambia, ukipiga magoti kusali, unikumbuke na mimi.